MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Hapiti msimu wa watalii bila kuonekana katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja wageni ambao haja yao si karafuu, wala si fukwe, wala si milango ya nakshi. Haja yao ni nyumba alikokaa mtoto mmoja wa Kiparsi, aliyezaliwa mjini humu tarehe 5 Septemba, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina jingine, Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Nyumba wanazoonyeshwa wageni hao ni zaidi ya moja, na kila moja ina watetezi wake. Tangu Novemba, 2019 pana hata nyumba ya makumbusho yenye jina lake huko Shangani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna ugomvi na methali hiyo, wala na wale wanaopata riziki yao kwa njia hiyo. Tunalotaka kulizungumza leo ni jambo jingine. Visiwa hivi vimekubali jina la mtu huyu liuzwe, lakini havijakubali kumjua mwenye jina. Mkono mmoja wapokea fedha ya mgeni, na mkono wa pili wafunika uso. Twaona kuwa mwenendo wa namna hiyo hautuheshimishi sisi, wala hauwafai vijana wetu, na twaona ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi mbele ya wananchi na mbele ya viongozi.

Tuanze na habari zake, kwa kuwa wengi wetu tunalo jina bila ya habari. Baba yake, Bwana Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu katika zama za himaya ya Kiingereza. Jamaa hao walifuata dini ya Zoroasta, dini kongwe ya Uajemi, ambayo Waparsi waliihamishia Bara Hindi karne nyingi zilizopita na kuja nayo pwani yetu. Mtoto alianza masomo kwa masista wa kimisionari hapa mjini. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka minane, alisafirishwa kwa meli kwenda kusoma katika shule ya bweni huko Panchgani, katika milima iliyo kusini-mashariki ya Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano, ndiko alikounda na wenzake wanne bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, na ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie.

Katika miaka hiyo ya utoto alikuwa akikusanya stempu, kazi aliyorithi kwa baba yake. Daftari lake la stempu limehifadhiwa mpaka leo na makumbusho ya posta mjini London, na ndani yake zimo stempu za Zanzibar. Zimepangwa kwa ulinganifu wa rangi na maumbo, upande huu ukiujibu upande ule, kama fundi wa nakshi anavyopanga maua yake juu ya kizingiti cha mlango. Kabla dunia haijaisikia sauti yake, mtoto huyu alikuwa na jicho la mchoraji.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwezi Januari, 1964 yakatokea Mapinduzi, na jamaa ya Bulsara wakawa miongoni mwa maelfu walioondoka. Walikwenda kukaa Feltham, pembezoni mwa London, na kuanza maisha upya. Kijana alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakupata tena kuishi katika visiwa hivi.

Wanaomtaja kama mwimbaji tu husahau kwamba ujuzi aliousomea hasa ulikuwa wa kuchora. Aliingia katika chuo cha sanaa cha Ealing, akasoma usanifu wa michoro, akapata stashahada mwaka 1969. Akiwa mwanafunzi alichora mara nyingi picha za Jimi Hendrix, mpiga gitaa Mweusi wa Marekani, ambaye alimhusudu mno. Baada ya hapo aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970 wao wawili na mpiga gitaa Brian May wakaanzisha bendi, na mwaka uliofuata akajiunga nao John Deacon. Freddie ndiye aliyeipa bendi hiyo jina la Queen, na kwa wakati uo huo akajipa jina la Mercury, ambalo ni jina la sayari ya Utaridi.

Ndiye pia aliyechora nembo ya bendi kwa mkono wake. Aliweka nyota ya kila mmoja wao, kama wanavyozijua wanafalaki wetu: simba wawili kwa ajili ya wale wawili wa nyota ya Asadi, kaa kwa yule wa Saratani, na vibinti wawili wenye mabawa kwa ajili yake yeye wa nyota ya Sumbula. Katikati akaweka herufi ya jina la bendi ikiwa na taji ndani yake, na juu ya vyote ndege wa hekaya ambaye husemwa kuwa huungua akawa majivu, kisha akafufuka.

Hapa ndipo tunapofikia jambo ambalo wengi wetu hupenda kulikwepa. Neno Queen maana yake ni malkia. Lakini katika mitaa ya London neno hilo lilikuwa pia neno la kejeli, likitupiwa wanaume waliokuwa na mwendo, sauti au mavazi yaliyoonekana kuwa ya kike. Freddie alilijua hilo vyema. Alilitwaa tusi akalifanya taji, akaliandika juu ya mabango ili watu walisome kwa sauti. Mwaka 1974 alipanda jukwaani amevaa vazi jeupe lenye marinda, mikono yake mipana kama mbawa za ndege, lililoshonwa na mbunifu Zandra Rhodes. Kucha za mkono mmoja alizipaka rangi nyeusi, na macho akayatia wanja. Kuanzia mwaka 1980 alinyoa nywele zake fupi na kufuga masharubu mazito, na baadhi ya mashabiki wake wakamtupia nyembe jukwaani kwa kuudhika. Watu walitaka awe namna moja, naye hakutaka.

Hakuwa wa kwanza katika muziki wa roki kusimama mahali hapo. Little Richard wa Marekani alijipaka poda na wanja katika miaka ya 1950, wakati ambapo mtu Mweusi wa kusini mwa nchi ile aliweza kuuawa kwa makosa madogo kuliko hayo. David Bowie alipigwa picha amevaa gauni kwa jalada la sahani yake ya mwaka 1970. Baadaye wakaja waliokwenda mbali zaidi, kama Genesis P-Orridge, mwanamuziki na msanii wa picha aliyezaliwa Manchester mwaka 1950 na kufariki New York mwaka 2020, ambaye alikataa kabisa kuitwa mwanamume tu au mwanamke tu, akaufanya mwili wake mwenyewe kuwa kazi ya sanaa. Freddie hakujitangaza kwa jina lolote katika majina yanayotumiwa leo kwa watu wa namna hiyo, nasi hatutaki kumbandika jina asilolichagua. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, akamfanya rafiki wa maisha na mrithi wa nyumba yake. Miaka yake ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton, aliyemuuguza mpaka kufa kwake. Hizo ni habari zilizokwisha kuandikwa na wenyewe, na hakuna heshima anayopata maiti kwa kufichiwa mambo yaliyo wazi.

Hapa yafaa tukumbushane jambo moja la lugha yetu. Katika nchi za Waingereza siku hizi pana mabishano makubwa juu ya watu wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake, waitwe kwa kiwakilishi gani. Kiswahili hakina mabishano hayo. Lugha hii haina “yeye” wa kiume na “yeye” wa kike. Ngeli yake ya kwanza huuliza swali moja tu: je, huyu ni mtu, au ni kitu? Akiwa ni mtu, basi anakuja, anaimba, anachora, anakufa, na sarufi haimdai zaidi ya hayo. Waliotuachia lugha hii walikuwa na mila na dini zao, nao walitofautisha mume na mke katika mambo mengi. Lakini walipokuwa wakisema juu ya mtu, walianza na utu wake.

Turudi kwa mwana wa Mji Mkongwe. Mwaka 1975 alitoa wimbo wa Bohemian Rhapsody, wenye urefu wa karibu dakika sita, na watangazaji wengi wakasema ni mrefu mno kupigwa redioni. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Ndani yake, katikati ya kelele za magitaa, linasikika neno ambalo kila mtoto wa Kiislamu wa visiwa hivi hulitamka kabla hajatia tonge kinywani. Tarehe 13 Julai, 1985, katika tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, alisimama mbele ya watu wapatao 72,000 katika uwanja wa Wembley, akawaongoza kwa muda wa dakika ishirini hivi, nao wakaitikia kama waitikiaji wa ngoma wanavyomwitikia kiongozi wao.

Lakini gharama aliilipa. Mwaka 1984 bendi ilitengeneza filamu fupi ya wimbo mmoja, na wote wanne wakavaa mavazi ya kike kwa mzaha, Freddie akiwa na sketi na masharubu yake, akisafisha nyumba. Waingereza walicheka, maana waliutambua mchezo wa televisheni uliokuwa ukiigizwa. Huko Marekani mambo yalikuwa mengine: filamu ilichukiza wengi, na lawama ikamwangukia yeye, ingawa wazo halikuwa lake. Ziara aliyoifanya nchini humo mwaka 1982 ikawa ya mwisho. Tena alipoanza kuugua, waandishi na wapiga picha walilizingira lango la nyumba yake wakihesabu jinsi alivyokonda. Tarehe 23 Novemba, 1991 alitoa taarifa kwamba alikuwa na UKIMWI. Siku iliyofuata alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na mazishi yake yakaongozwa na makuhani wa dini ya wazee wake.

Mtu atauliza: hayo yote yanatuhusu nini sisi huku visiwani? Yanatuhusu sana, na tutaeleza.

Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kuwafunga kifungo kirefu watu wa jinsia moja wanaoishi kama mume na mke. Mwaka 2006, palipoandaliwa sherehe ufukweni ya kukumbuka miaka sitini tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, jumuiya moja ya kidini ilipinga na kutishia maandamano, na sherehe ikafutwa. Tunajua kwamba visiwa hivi ni vya watu wa dini, na haki ya mtu kushika dini yake ni haki tunayoitetea kila siku katika safu hii. Anayeona kwamba maisha ya marehemu yule hayalingani na imani yake ana ruhusa ya kuona hivyo. Lakini kutolingana na mtu ni jambo moja, na kumfuta ni jambo la pili. Mtoto aliyezaliwa hapa, akabandika stempu zetu katika daftari lake, akafukuzwa na matukio ya historia asiyoyafanya yeye, hawezi kufutwa katika orodha ya wana wa visiwa kwa sababu tu ya wanja na marinda.

Tena hii si mara ya kwanza kwetu kumcheka mtu akiwa hai na kumvika taji akiwa kaburini. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikebehiwa katika mitaa ya mji huu kwa asili yake ya kimaskini, kwa sura yake, na kwa kuwa mwanamke aliyethubutu kuimba mbele ya wanaume. Akajibu kwa nyimbo. Mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay, naye marehemu Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kuandikiwa kitabu. Leo nani asiyejifaharisha kwa Siti? Bi Kidude naye alipiga ngoma, alivuta sigara hadharani, aliimba bila ya kujifunika, na wapo waliomwona kuwa ni aibu kwa wanawake. Mwaka 2005 akatunukiwa tuzo kubwa ya muziki wa dunia huko ugenini, na alipofariki mwaka 2013 viongozi wa nchi walifuata jeneza lake. Kila mmoja wao alivuka mstari uliochorwa na jamii kati ya kazi ya mwanamume na kazi ya mwanamke. Kila mmoja alitukanwa kwanza, akasifiwa baadaye. Swali letu ni hili: kwa nini sifa lazima zichelewe?

Maana hatumwandikii aliyekwisha kufa. Yeye ameshapata ya kwake. Mwaka 2023, vitu vyake vilipopigwa mnada huko London, michoro, mavazi, piano na karatasi alizoandikia nyimbo, watu zaidi ya 140,000 walipita kuvitazama kabla ya mauzo, na thamani yake ikafikia karibu pauni milioni 40. Tunamwandikia mtoto ambaye leo hii yuko Mchangani, au Wete, au Makunduchi, anayechora pembeni mwa daftari lake la hesabu, anayependa rangi na nguo, ambaye sauti yake haijawa nene kama wenzake wanavyotaka. Mtoto huyo anatembea akiitwa majina. Darasani anachekwa, barazani ananyooshewa kidole, na nyumbani anaambiwa awe kama ndugu zake. Anachojifunza mapema ni kwamba kipawa chake na aibu yake ni kitu kimoja. Basi atafanya moja katika mawili: atakizika kipawa, au atakihamishia ng'ambo, na sisi tutauza fulana zenye picha yake miaka hamsini baadaye.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa Serikali na kwa wananchi.

Kwanza, habari za mtu huyu zisemwe kwa ukamilifu mahali popote ambapo jina lake linatumika kuingiza fedha. Asemwe alivyokuwa: Mparsi, mkimbizi, mchoraji, mwanamuziki, mtu aliyekataa kufungiwa katika umbo moja, na mgonjwa aliyekufa kwa UKIMWI. Hili la mwisho lina faida kubwa kwetu, kwani ugonjwa huo uligunduliwa visiwani mwaka 1986, na mpaka leo wapo wagonjwa wanaokufa kwa kuona haya kwenda kupimwa na kuchukua dawa.

Pili, kuchora na muziki vipewe mahali pake katika shule zetu, pamoja na walimu na vifaa, visiachwe kuwa mchezo wa saa ya mwisho. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kuwafunza vijana wengi udi, ganuni na fidla, kilifika mwaka 2019 mahali pa kutangaza kwamba huenda kikafungwa kwa kukosa fedha. Ni ajabu kubwa kwamba nchi inayouza jina la mwanamuziki inaweza kushindwa kulipa mishahara ya wanaofundisha muziki.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wakubwa wetu wa mitaa, walimu, masheikh, mapadri na askari wakumbuke kwamba mtu kuwa na mwendo usio wa kawaida si ruhusa ya kumpiga, kumfukuza shule, wala kumpelekea umati mlangoni kwake. Sheria ya nchi haikumpa mpita njia madaraka ya hakimu, na dini zetu zote zimekataza kumdhalilisha kiumbe. Na kwa upande wa ile sheria ya mwaka 2004, twaona umefika wakati wa waheshimiwa Wawakilishi kujiuliza kama imemlinda mtu yeyote, au kama imewapa waonevu fimbo tu.

Tunajua kwamba wapo wasomaji ambao maneno haya yatawaudhi, na wengine watatuandikia kutukemea. Tunawakaribisha. Lakini tunawaomba, kabla ya kushika kalamu, wapite Shangani wakati wa alasiri wawatazame wale wageni wanaosimama kimya mbele ya nyumba, wengine wakilengwalengwa na machozi, kwa ajili ya mtoto wa mji huu. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Farrokh Bulsara hakupata nafasi ya kucheza kwao, na waliomtunza ni watu wa mbali. Wapo wengine sasa hivi ambao bado hawajaondoka. Hao ndio wenye haki ya kutunzwa nasi wakiwa wangali hai, wakiwa wangali kwao.